Mti wa Kumi na Tano

Jumanne, 2 Julai 1996. Chepseon

Ploti 25 imekwisha. Miti kumi na tisa. Mvua ilianza saa saba, kama kawaida ya Julai. Viatu havijakauka tangu Jumamosi. Nimeviweka karibu na jiko na sasa chumba kizima kinanuka ng'ombe. Tumepanga nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo harufu haikosi wenzake.

Chepkirui ni mkali kuliko nilivyodhani. Ana miaka ishirini na minne, kwao Longisa, ametoka chuoni juzi, na ndiye kiongozi. Mimi na miaka yangu arobaini na sita nashika tepu. Sina kinyongo. Kidogo tu. Utaratibu wake ni ule ule niliowafundisha wengine zamani. Nazungusha tepu kwenye mti, usawa wa kifua, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Naita namba. Yeye anairudia kwa sauti, ndipo anaandika. Asiporudia sibanduki. Namba ambayo haikurudiwa si namba.

Kazi yenyewe ni ya kurudia pia. Kila miaka mitano, nchi nzima, watu warudi kwenye kigingi kile kile, miti ile ile yenye vibati vya namba, waone nini kimekua, nini kimekufa, nini kimeibwa. Na udongo uchimbwe uangaliwe.

Jioni alifungua kitabu cha hesabu ya 1991. Mwandiko wangu, kurasa zote. "Kazi yako ilikuwa safi sana, Mzee Omwenga," alisema. Chai ikanipalia.

Jumatano, 3 Julai

Ploti 26. Miti ishirini na mmoja, mmoja umeanguka. Hakuna la ajabu.

Baada ya 26 ni 27. Niandike hapa maana kwingine siwezi. Mwaka 1991 sikufika ploti 27.

Tulikuwa wawili. Mimi mwandishi, na Mzee Arap Sigei mtaja miti. Kila kundi lilikuwa na mtu wa namna hiyo, mwenyeji anayejua kila mti kwa jina. Yeye alikuwa ameshika tepu miaka mingi hata akiutazama mti anakutajia unene kabla ya kuupima, akikosea ni kwa sentimita moja. Siku hiyo tulifika mwisho wa barabara akasimama. "Huko chini mimi siendi na jembe," alisema. Sikumuuliza sababu. Ilikuwa siku ya tatu ya mvua na kitabu kilitakiwa Ijumaa. Nikasema basi, tupike namba.

Tukarudi hapa Chepseon, kibanda cha chai. Nikamwambia anitajie miti yoyote. Alifumba macho. Akataja kumi na minne, mmoja mmoja. Jina, unene, upande wa dira, mita ngapi kutoka katikati. Polepole, kama mtu anayetaja watu wa ukoo wake. Nikajiambia, huyu mzee ana kipaji cha uongo na sikujua. Nikamuuliza udongo. Mweusi shubiri moja, alisema, kisha majivu, kisha mwekundu. Majivu yalinichekesha. Nikaandika.

Kumi na minne niliona michache. Nikaongeza mmoja wa kwangu. Mtarakwa, unene sentimita 62, nyuzi 210 za dira, mita tisa. Nilisema kwa sauti huku nikiandika. Arap Sigei aliweka kikombe chini. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikauliza kama ni mgonjwa. Vibati na misumari ya ploti hiyo nilimpa, nikamwambia atupe mtoni.

Alifariki mwaka jana. Sikwenda mazishi. Nilikuwa na sababu, sasa siikumbuki.

Kesho Chepkirui anataka kigingi. Hakuna kigingi. Kazi ya miaka ishirini na miwili itakwenda, na ploti zangu zote nyingine, zile nilizopima kwa haki huku nimelowa mpaka mifupani, zitaitwa za uongo. Naogopa. Pia naona haya, lakini hofu ndiyo kubwa.

Alhamisi, 4 Julai

Nilisema daraja limevunjika. Akamtuma dereva wetu akaangalie. Daraja lipo.

Nilisema nina homa. Akaniletea dawa na chai ya tangawizi, akasema tutapumzika leo, twende kesho. Ana moyo mzuri. Ingekuwa rahisi kama asingekuwa nao.

Ijumaa, 5 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Dereva alituacha mwisho wa barabara saa mbili. Nyuma yetu majani chai mpaka macho yanapoishia, mbele yetu msitu. Nyumba ya mwisho kabla ya miti ni ya marehemu Arap Sigei. Mjane wake alikuwa kwenye ua. Chepkirui alimwamkia, "Chamgei, Kogo," maana huku bibi wa umri ule huitwa hivyo. Aliitika vizuri, ila hakututazama usoni. Alitazama jembe begani kwangu. Mtoto wake, Wesley, mtu mzima mwenye familia, alikuwa akikatia ng'ombe nyasi kando ya zizi. Alitupungia panga.

Nilitegemea kupotea. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, tuzunguke kwenye magugu mpaka mvua inyeshe, tuseme hakikuonekana kigingi. Lakini palikuwa na njia. Nyembamba, imekanyagwa, haina jani lililolala juu yake. Inashuka moja kwa moja kuelekea pale dira inaposema.

Mbega walikuwa wakinguruma tangu asubuhi. Tulipokaribia wakanyamaza. Ukungu ulikuwa umesimama kati ya miti kama maziwa yaliyoganda.

Halafu tukatokea mahali palipofagiwa.

Sijui niandikeje zaidi ya hivyo. Katikati ya msitu, mahali pa ukubwa wa ua wa nyumba, pamefagiwa. Alama za ufagio zilionekana kwenye udongo, mistari ya nusu duara, ya asubuhi ile. Na katikati, kigingi. Cha mtarakwa, kimechongwa vizuri, kimesimama wima. Chepkirui alifurahi. "Hiki hapa, Mzee. Mlikiweka imara." Nikasema ndiyo.

Mti wa kwanza. Kibati kipo. Namba 1. Msumari umeachwa nje kidogo, mti upate nafasi ya kunenepa, kama tulivyofundishwa. Kitabu kinasema podo, 71. Nilizungusha tepu. Nikaita 73. Chepkirui akarudia, 73, akasema umekua vizuri. Mti wa pili, tebeswet, kitabu 38. Tepu 41. Wa tatu. Wa nne. Upande uleule. Umbali uleule. Wa nane mzee alikuwa amesema umeinama upande wa mto. Ulikuwa umeangukia upande wa mto, na kibati kimo kwenye shina lililolala.

Niliita kila namba na sauti yangu ikawa inapungua mpaka Chepkirui akaniambia niongeze. Nilihesabu vibati nilivyompa mzee. Vilikuwa hivi hivi. Misumari mtu anaweza kupigilia. Miti hawezi kuihamisha. Mimi nilikuwa nakunywa chai na mandazi, nikaandika miti, na miti imeota nilipoandika.

Baada ya wa kumi na nne ukungu ulifunga kabisa, dira haikuonekana mkononi. Chepkirui akasema inatosha. Tutaanza na wa kumi na tano.

Ningepaswa kufurahi. Nimepona. Sijawahi kuogopa hivi maishani.

Jumamosi, 6 Julai

Mvua kutwa. Hatukutoka.

Nilikwenda kwenye kile kibanda. Mwenyewe amebadilika, benchi ni lile lile. Nikakaa nilipokaa siku ile. Nikafumba macho kama Arap Sigei, nikajaribu kuitaja miti ya ploti 26, niliyoipima Jumatano hii kwa mikono yangu. Sikupata hata mitatu. Unene wote umenitoka, na majina, na pande.

Mzee alitaja kumi na minne bila kukwama. Sijui kwa nini sikulifikiria hilo miaka mitano.

Lakini wa kumi na tano aliutaja nani? Mimi. Mimi mwenyewe, kutoka kichwani, ili ukurasa ujae. Ikiwa nao umesimama pale Jumatatu, mtarakwa mnene wenye kibati, sitarudi tena kwenye msitu wowote.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani na Chepkirui. Anaimba vizuri. Sikuomba. Nilihofia nitajibiwa.

Jumatatu, 8 Julai

Njia ilikuwa imefagiwa tena. Mvua yote ile ya Jumamosi na Jumapili, na mistari ya ufagio ni mipya.

Nikapendekeza tuanze na udongo. Chepkirui hakuona ubaya. Utaratibu ni mita tano kaskazini ya kigingi. Nilichimba mimi. Mweusi, laini, unanuka uyoga. Shubiri moja. Kisha jembe likatoa kijivu.

Majivu. Tabaka la upana wa vidole vinne, limenyooka, na vipande vya makaa ndani yake. Chepkirui alisoma kitabu kwa sauti, kama alivyozoea. Mweusi shubiri moja, kisha majivu. Akanisifu tena kwa macho yangu mazuri.

Jembe likagonga kitu. Nikatoa udongo kwa vidole. Jiwe la kusagia, lile la chini, lina bonde katikati kwa kazi ya miaka. Chepkirui aliinama akaligusa. Yeye ni Mkipsigis kama wenyeji wa huku, alielewa kabla yangu. "Hapa palikuwa na nyumba," alisema. "Mzee, tusichimbe." Akachukua jembe mkononi mwangu na kufukia mwenyewe, jiwe likarudi mahali pake. Udongo wa kupeleka maabara tulichukua mbali, nje ya pale palipofagiwa.

Basi ikabaki kumi na tano. Alishika dira kwenye kigingi, nyuzi 210. Nikavuta tepu. Mita tano. Sita. Saba. Kwenye nane nikaingia kwenye thabai, majani yale ya kuwasha, zikaniunguza magoti, nikasimama. Mbele yangu hakukuwa na mti wowote mnene. Thabai tu, kifuani, na ukungu.

Nilishusha pumzi. Nikaita, "Hakuna."

Hakurudia. "Angalia kisiki." Nikasema sioni kisiki. Sikuingia ndani. Niliona tu hakuna mti, nikaridhika, nikarudi. Mimi si mchawi. Hayo ndiyo niliyowaza, mimi si mchawi, msitu haunitii.

Nilikuwa mjinga. Sikufikiria lililofuata. Kitabu kina miti kumi na minne ya kweli, kwa hiyo wa kumi na tano nao ni wa kweli. Kama haupo na haukuanguka, umeibwa. Mtarakwa wa unene ule unatoa nguzo nyingi, na nguzo za mtarakwa haziozi. Chepkirui alikasirika kwelikweli. "Mahali kama hapa," alisema, "watu wanakuja kuiba." Akaandika. Leo jioni amepita kwa walinzi wa msitu kutoa taarifa, kama sheria inavyotaka.

Nilikuwa naye garini. Sikusema kitu.

Jumanne, 9 Julai

Wamemchukua Wesley.

Dereva ndiye aliyeleta habari, tukiwa tunakunywa uji. Walinzi walikwenda alfajiri kwenye nyumba iliyo karibu zaidi na ploti. Wakakuta zizi la ng'ombe limesimama kwenye nguzo za mtarakwa. Wakazihesabu, wakazipaka rangi nyekundu kila moja, wakamfunga pingu mbele ya watoto wake.

Nguzo zile niliziona Ijumaa. Zimepauka, zina ukungu wa kijani, zina umri wa kunizidi mimi. Mtu yeyote anayejua mti angeona. Lakini walikuwa na karatasi inayosema mti umepotea, na karatasi haiwezi kudanganya. Na mti wenyewe niliuandika mimi, kwa mwandiko safi.

Chepkirui hakufurahi. Alisema kwa upole kwamba sheria ni sheria. Kisha akauliza, "Kogo atabaki na nani?" Tulikwenda ploti 28. Nilikosea namba mara mbili.

Jumatano, 10 Julai

Nilisema naumwa tumbo. Wakaenda bila mimi. Nikapata lifti ya gari la majani chai hadi mwisho wa barabara, nikashuka msituni peke yangu. Nilijiambia nakwenda kutafuta kisiki, labda Mungu ameweka kimoja.

Mbega walinyamaza palepale waliponyamaza Ijumaa.

Sikuwa na mtu wa kunishikia dira. Nilifunga tepu kwenye kigingi, nikasoma nyuzi 210, nikavuta. Mita nane. Nikaingia kwenye thabai na panga, nikazikata. Mita tisa.

Mche wa mtarakwa. Unanifika kifuani. Umenyooka, una rangi ya kijani kibichi, chini yake pamewekwa mawe madogo ya duara ili maji yasikimbie. Kwenye shina, kwa kamba ya katani, kwa sababu shina halingeweza kupigwa msumari, kimefungwa kibati. Namba 15.

Nilikaa chini kwenye thabai zilizokatwa. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nimekishika kile kibati na siwezi kukiachia.

Nikasikia ufagio.

Nilishindwa kugeuka. Nilihesabu mikwaruzo yake kama ninavyohesabu miti. Ishirini na kitu. Kisha ukasimama, na sauti ikasema, "Umekuja kuona mti yako."

Alikuwa Kogo, mjane. Amejifunga shuka la bluu, ufagio wa vijiti mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Nikasimama nikamwamkia, nikasema nasikitika juu ya Wesley. Alifagia kidogo. Kisha akaniambia haya, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Hapa ni kwa mama mkwe yangu. Wewe ulichimba jikoni yake. Walichoma hii nyumba wakati ya wazungu, wakafukuza watu, mzee yangu akiwa mtoto ya kuchunga mbuzi. Hii miti yote alijua. Alikuwa anakuja kwa mizinga yake, miaka yote, anaisalimia. Na hapo umesimama, hapo kulikuwa tarakwet kubwa ya mama. Iliungua na nyumba."

Nikauliza, mtarakwa, hapa hapa? Akaonyesha kwa ufagio, mche wenyewe.

"Siku moja mzee akarudi kutoka kazi akitetemeka. Nikafikiri ni malaria. Akaniambia, mimi nilitaja miti ya kwetu na macho imefungwa, halafu Omwenga akataja ile iliungua. Mahali yake. Unene yake. Hajawahi kufika, na ameiona."

Nilitaka kumwambia sikuona kitu. Nilitaka ukurasa ujae, Kogo, basi.

"Akatafuta mche. Akapanda. Kila kiangazi anabeba maji na jerikeni, mpaka mguu ikakataa. Anasema, naenda kunywesha mti ya Omwenga, isije siku moja watu wafike hapa waseme Omwenga ni mwongo. Ile miti ingine akapiga namba zote, akasimamisha na kigingi. Alisema mti ambayo imeandikwa na serikali haikatwi."

Akanisogelea, akakishika kile kibati pamoja na mkono wangu.

"Sasa wamesema kijana yangu amekata namba kumi na tano. Wewe unajua kusoma. Hii ni ngapi?"

Nilisema kumi na tano.

"Basi nenda useme," akasema, akaendelea kufagia.

Nimerudi kwa miguu hadi Chepseon. Nimelowa. Kwa nini nilisema 210? Kwa nini tisa? Nimejiuliza njia nzima. Ningeweza kusema namba yoyote. Hakuna jibu, na nikilitafuta sana nywele zinasimama. Lakini hilo litasubiri. Wesley hawezi kusubiri.

Alhamisi, 11 Julai

Nilimwambia Chepkirui kabla ya uji. Nilisema yote. Kibanda, mvua, mzee akifumba macho, mti wangu wa uongo. Nilitazama kikombe.

Uji uliota ngozi juu. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu. "Na ploti zile zingine zote?"

Nikasema nilizipima. Zote. Kwa mkono wangu.

Nikamsubiri arudie. Hakurudia.

Tulikwenda kwa walinzi pamoja. Nikaandika maelezo, nikaweka sahihi. Mkubwa wao aliyasoma mara mbili, akanitazama kama kitu kilichotambaa juu ya meza yake. Tulishuka naye mpaka kwenye mche. Alisoma kile kibati, akapiga goti, akagusa mawe ya duara. Saa tisa Wesley alitoka. Alinipita mlangoni bila salamu. Chepkirui alimpa koti lake maana mvua ilikuwa imeanza.

Rangi nyekundu kwenye nguzo za zizi haitoki. Wamejaribu mafuta ya taa.

Jumatatu, 22 Julai. Kericho

Niko nyumbani. Barua imefika. Kazi imekwisha, na kitabu chote cha 1991 kimefutwa. Ploti zilizonilaza kwenye matope, zilizonitegua mguu huu, hazipo. Zitapimwa kama vile hakuna mtu aliyewahi kufika. Moraa, mke wangu, alisoma barua, akaikunja, akaenda kuchuma chai ya watu kama kila siku. Jioni alisema afadhali umesema. Ndiyo yote aliyosema, na nilimshukuru kwa hilo.

Chepkirui ameniandikia ukurasa mmoja. Ploti 27 haikufutwa. Aliwaeleza wakubwa kwamba miti kumi na minne ni ya kweli na udongo ni wa kweli, na alikuwa shahidi. Mahali pa jina la mpimaji wa 1991 amekata jina langu, akaandika Arap Sigei. Na pale kaskazini ya kigingi ameandika pasichimbwe tena.

Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi. Iliniuma na ilinifaa.

Jumamosi, 18 Januari 1997

Kiangazi. Hata chai imekunja majani. Leo nimepanda gari la asubuhi hadi mwisho wa barabara. Wesley alikuwa kwenye zizi. Hakuitika salamu, lakini nilipomwomba jerikeni alinipa, na akanionyesha kwa kidevu mahali maji yanapotoka.

Mbega walinguruma njia nzima.

Nilimwaga maji ndani ya mawe, polepole, yasikimbie. Ardhi iliyanywa yote, nikarudi kuteka mara ya pili. Kisha nikatoa tepu yangu ya zamani. Haikuwa kazi ya mtu yeyote. Mtarakwa, nyuzi 210, mita tisa. Kimo, mita moja na sentimita thelathini na nne. Umefika usawa wa kupimwa, kwa shida. Nikazungusha tepu pale juu, kwenye kijiti kile, kwa vidole viwili.

Nikaita kwa sauti. Sentimita moja na nusu.

Nikangoja, kwa mazoea tu. Nyuma yangu ufagio ulisimama.

"Moja na nusu," akasema Kogo, akaendelea kufagia.

Nikaandika.